Nasaba ya Mbwa Huanza Daftarini

Kiswahili hakijamtendea mbwa haki. Wahenga walimwonya anayecheza naye kwamba ataingia naye msikitini, na hadi leo mtu akitaka kumtusi mwenziwe tusi la kuuma, humwita mbwa. Hata sarufi yetu ina mlango wa kumdunishia. Tunasema mbwa huyu anabweka, tukampa upatanisho wa viumbe wenye uhai kama tunavyompa binadamu. Lakini mara akidunishwa akaitwa kijibwa, msemaji hupata ruhusa ya kusema kijibwa hiki kinabweka, sawa na kiti na kikombe. Kwa silabi chache mnyama amevuliwa uhai wake.

Lipo pia neno zito zaidi. Watu wa pwani walikuwa na neno washenzi, walilowaitia watu wa bara waliowaona hawana ustaarabu. Walowezi wa Kizungu walipokuja Kenya waliliokota neno hilo wakawabandika mbwa wa wenyeji, wakawaita mbwa shenzi, ili kuwatenga na wale waliokuja nao melini. Walowezi wameondoka, neno limebaki. Nimelisikia Rongo na Awendo, nimelisikia Mbita, likitamkwa na watu ambao babu zao ndio walioitwa washenzi hapo awali.

Nayasema haya kwa sababu ya swali nililoulizwa na mmoja wa wanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni mwalimu wa shule ya upili katika Kaunti ya Migori. Bwana huyu anapenda mbwa. Amesoma habari za mbwa wadogo wa kuchunga kondoo wa visiwa vya Shetland, wenye manyoya marefu na pua iliyochongoka, na ameanza kuweka akiba ili aagize dume na jike kutoka ng'ambo, ajenge banda dogo na kuzalisha kwa kujifurahisha. “Mwalimu,” aliniuliza, “banda kama hili nilipe jina gani kwa Kiswahili sanifu?” Nilimjibu kwamba jina la banda ni jambo dogo, na kwamba swali lenyewe limo ndani ya neno lake la mwisho, sanifu.

Hebu tutazame mbwa hao wa Shetland walivyoanza. Shetland ni visiwa vilivyo kaskazini ya Uskoti, penye upepo mkali na udongo haba. Visiwa hivyo vilikuwa chini ya mfalme wa Norwe hadi mwaka 1469, vilipowekwa rehani kwa ajili ya mahari ya binti yake, na lugha ya huko ingali na maneno mengi ya asili hiyo. Shamba dogo la mkulima liliitwa toon, na mbwa wake akaitwa mbwa wa toon, yaani mbwa wa shambani. Kazi yake ilikuwa kuwafukuza kondoo na farasi wadogo wasiingie katika mimea isiyo na ua. Hakuwa na cheti wala hakujulikana babu yake. Laiti Mzungu wa Nairobi wa mwaka 1920 angemkuta mbwa huyo Suba au Nyatike, angemwita mbwa shenzi bila kusita.

Mambo yalibadilika mwaka 1908, wapenzi wa mbwa hao walipokutana katika mji wa Lerwick na kuunda chama chao. Hawakuanza kwa majumba wala kwa fedha nyingi. Walianza kwa kuandika jinsi mbwa wao anavyotakiwa kuwa, na kufungua daftari la kutaja nani kazaliwa na nani. Wakamwita koli wa Shetland. Hapo wakazua ugomvi, kwa maana wafugaji wa mbwa wakubwa aina ya koli huko Uingereza hawakukubali jina lao lichukuliwe na kijibwa cha visiwani. Chama kikuu cha mbwa cha Uingereza, kilichoundwa mwaka 1873, kiliwatambua mbwa hao mwaka 1909, lakini kufikia mwaka 1914 jina lilikuwa limebadilishwa, likawa mbwa wa kondoo wa Shetland. Sisi wanaisimu hatushangazwi na ugomvi wa namna hii, maana tunajua kwamba anayemiliki jina humiliki na hadhi inayofuatana nalo.

Msomaji atakumbuka kisa kingine kinachofanana na hiki. Mwaka 1928, katika mkutano uliofanyika Mombasa, Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa kamati ya lugha ya nchi za Afrika Mashariki ili kusimamia tahajia, kamusi na vitabu vya shule. Tulipata faida kubwa. Mtoto wa Homa Bay na mtoto wa Mbeya wanasoma lugha moja. Lakini Kimvita na Kiamu, vilivyokuwa vimebeba tungo za karne nyingi, viligeuka ghafla kuwa lahaja pembeni. Usanifishaji huinua kwa mkono mmoja na kusahau kwa mkono wa pili.

Mbwa wa Shetland naye alilipa gharama hiyo. Wageni waliofika visiwani walipenda vilebu vidogo vyenye manyoya mengi, na wenyeji wakawazalishia walichokitaka. Ili kumpa umbo lililopendeza katika maonyesho, wafugaji walimchanganya na koli wakubwa. Huku nyuma kondoo wakubwa zaidi wakaletwa visiwani pamoja na mbwa wengine wa kuwachunga, na yule mbwa wa toon wa asili akatoweka. Aliyebaki ni mzuri, mwerevu na mtiifu, lakini ni mtoto wa daftari na wa jukwaa kuliko wa shamba.

Uzuri huo una miiba yake, na anayetaka kuanza banda Migori au Homa Bay sharti aijue. Kwanza, baadhi ya mbwa wa ukoo wa koli, wa Shetland wakiwamo, hurithi kasoro ya jeni iitwayo MDR1, ambayo huufanya ubongo ushindwe kujikinga dhidi ya dawa fulani. Mojawapo ni ivamektini, dawa ambayo wafugaji wetu huitumia kuua minyoo na wadudu wa ng'ombe na mbuzi. Mbwa mwenye kasoro hiyo akipewa kipimo cha mfugo, au akila kinyesi cha mnyama aliyetoka kutibiwa, anaweza kupoteza fahamu na kufa. Pili, wale wenye rangi ya kijivu yenye mabaka, wanaosifiwa mno kwa urembo, hawafai kupandishwa wao kwa wao, kwani kila kilebu atakayezaliwa ana nafasi moja kati ya nne ya kurithi jeni hiyo kutoka pande zote mbili, na wa namna hiyo aghalabu huzaliwa viziwi au vipofu. Tatu, manyoya yaliyofumwa kwa baridi ya Atlantiki ni mzigo mzito katika joto la ufuo wa Ziwa Viktoria. Nne, Bonde la Lambwe lina historia ndefu ya mbung'o, na vimelea waletwao na mdudu huyo hawamchagui ng'ombe peke yake. Mbwa naye huugua na kufa.

Je, namkataza mtu kupenda mbwa wa kigeni? La hasha. Ninachosema ni kwamba wafugaji wa Shetland hawakuagiza mbwa wao kutoka kwingine. Walimtazama mbwa aliyelala mlangoni pao wakaona anastahili kuandikwa. Anayetaka kuwaiga kweli na aige tendo hilo.

Wala si ndoto kwamba mbwa wa Afrika anaweza kuheshimiwa. Mwaka 1937, katika maonyesho ya Crufts jijini London, walionyeshwa mbwa wadogo wa kutoka Kongo, wenye masikio yaliyosimama na mkia uliojikunja, wasiobweka kama mbwa wengine. Umati wa watu ulimiminika kuwatazama. Leo wanafugwa duniani kote, na vilebu vyao huuzwa kwa bei ghali. Jina lao ni basenji, nalo ni lile lile neno letu washenzi, lililovuka bara likavaa kiambishi cha ba- badala ya wa-. Mbwa wa washenzi akaandikwa daftarini huko Uingereza, na tusi likageuka kuwa nembo. Tena watafiti waliochunguza jeni za mbwa wa vijijini wa Misri, Uganda na Namibia, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2009, waligundua kwamba wengi wa mbwa wa Uganda waliopimwa walikuwa wa asili ya Afrika, wala hawakuwa machotara wa mbwa wa Ulaya. Uganda ni jirani yetu wa ng'ambo ya ziwa. Yamkini yule anayefukuza tumbili katika mahindi huko Gwasi ana nasaba ya kale kuliko mbwa wengi wenye vyeti.

Nimshauri basi mwalimu mwenzangu, na wengine wenye nia kama yake, waanze hivi. Kabla ya banda, nunua daftari. Andika kila jike ulilo nalo, rangi yake, kimo chake, tabia yake na siku aliyopandwa. Mimba ya mbwa huchukua takriban siku 63, kwa hiyo hesabu si ngumu. Andika vilebu waliozaliwa, waliokufa na sababu yake, na nyumba walikopelekwa. Usipandishe ndugu kwa ndugu, na usizalishe zaidi ya unaoweza kuwalisha. Katika miaka mitano utakuwa na kitu ambacho fedha haziwezi kukununulia, yaani kumbukumbu.

Katika ukurasa wa kwanza wa daftari hilo iandikwe chanjo, kwa sababu hapa tunazungumzia maisha ya watoto wetu. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa nchini Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 1912, katika mbwa wa viunga vya Nairobi, na zaidi ya miaka 100 baadaye hakijatuacha. Dalili zake zikishamtokea binadamu, kupona ni jambo la nadra mno. Duniani, karibu asilimia 40 ya wanaoumwa na mbwa wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto walio chini ya miaka 15, yaani wanafunzi wetu. Mwaka 2014 Kenya ilizindua mpango wa kukomesha vifo vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030. Wataalamu wanasema mbwa 70 kati ya 100 wakichanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Lakini utamchanjaje mbwa usiyemjua? Asiye na jina hana mwenyewe, na asiye na mwenyewe hapelekwi kwa daktari wa mifugo. Dharau iliyomo katika neno mbwa shenzi huishia katika jeraha la mtoto. Na mtoto akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akimbizwe hospitali bila kungoja kuona kama mbwa atakufa.

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi serikali za kaunti jukumu la kudhibiti wanyama na kutunza maslahi yao, utoaji wa leseni za mbwa ukiwamo. Basi Migori na Homa Bay zina mamlaka tayari. Ikiwa kila kaunti italiona daftari la mbwa kuwa chombo cha afya badala ya chombo cha kutozea ushuru, mfugaji mdogo na afisa wa mifugo watakuwa wakiandika kitabu kimoja.

Walimu nao wana sehemu yao. Kule Migori yako maboma ya mawe ya Thimlich Ohinga, yaliyojengwa bila udongo wala saruji. Mpita njia asiyejua angeyaona kuwa marundo ya mawe tu. Yalipochunguzwa, yakapimwa na kuandikwa, mwaka 2018 UNESCO iliyatia katika orodha ya urithi wa dunia. Na ng'ambo ya pili, visiwani Rusinga na Mfangano, lugha ya Kisuba inazidi kumezwa na Dholuo, na kila mzee anayefariki huondoka na maneno ambayo hakuna aliyeyaandika. Mawe, lugha na mbwa vinatofautiana sana, lakini vyote vitatu hupotea kwa njia moja, mwenyewe anapokubali kwamba alicho nacho hakistahili wino.

Mwanafunzi wa sayansi akipewa kazi ya kuwahesabu mbwa wa kijiji chake, na wa Kiswahili akatakiwa kuandika majina yao na sababu za majina hayo, shule itakuwa imefungua daftari ambalo chama cha Lerwick kilifungua mwaka 1908. Kalamu ni bei nafuu kuliko kilebu wa kutoka ng'ambo, na jina jema hung'ara gizani.