Kupandikiza Nywele: Mapanja Yajazwe au Yaachwe?

Mwezi huu tunazungumzia jambo ambalo zamani halikuwa na nafasi katika ukurasa wa afya, lakini siku hizi limeingia katika familia zetu. Vijana wa miaka ishirini na kitu wanaona nywele zikirudi nyuma pembeni mwa paji la uso. Akina mama nao wanaona ngozi tupu mahali hapohapo baada ya miaka mingi ya kusuka. Wanasikia kwamba upo upasuaji wa kurudisha nywele, na pengine ndugu wanaombwa wachange. Kabla fedha haijatoka, lipo swali moja ambalo yafaa lijibiwe: je, mapanja nayo yajazwe, au yaachwe yalivyo?

Panja ni ile sehemu ya pembeni mwa paji la uso, juu kidogo ya nafasi iliyo kati ya jicho na sikio. Ni sehemu ndogo, lakini uamuzi juu yake ni mzito kuliko wengi wanavyodhani.

Kwa nini mapanja hutangulia?

Kwa wanaume, sababu kubwa ni urithi pamoja na homoni. Sehemu ya homoni ya kiume hubadilishwa mwilini kuwa kitu kinachoitwa dihidrotestosteroni. Kwa mtu aliyerithi hali hii, iwe kwa baba au kwa mama, homoni hiyo hudhoofisha mizizi ya nywele za mapanja, za mbele na za utosini. Kila unywele mpya huota mwembamba na mfupi kuliko uliotangulia, hadi mwisho hauonekani tena. Nywele za kisogoni na za juu ya masikio hustahimili. Ndiyo maana mzee mwenye kipara huwa bado na ukanda wa nywele nyuma.

Hata hivyo, si kila panja lililorudi nyuma ni dalili ya kipara. Mstari wa nywele wa mtoto wa kiume huwa chini na wa mviringo. Kuanzia kubalehe hadi miaka ya ishirini na kitu, wanaume wengi hurudi nyuma kidogo pembeni, kisha hali hutulia. Huo ni uso wa mtu mzima, wala hauhitaji kisu.

Kitalu kisichoongezeka

Mwaka 1959 daktari wa ngozi wa New York, Norman Orentreich, alichapisha matokeo ya kazi yake iliyoonyesha kwamba nywele za kisogoni zikihamishiwa kwenye kipara huendelea kuota kama zilivyokuwa zikiota kisogoni. Msingi wa upasuaji huu ni huohuo hadi leo. Mgonjwa huchomwa sindano ya ganzi kichwani. Daktari hutoa mizizi kisogoni, ama kwa kukata ukanda mwembamba wa ngozi, ama kwa kung'oa kipandikizi kimojakimoja kwa kifaa chenye tundu dogo. Kisha vipandikizi hivyo hupandwa mbele.

Tuelewane vizuri hapa. Upasuaji hauongezi nywele, unazihamisha tu. Kisogo ni kama kitalu ambacho mche ukishang'olewa, mwingine hauoti mahali pake. Kwa watu wengi madaktari hukadiria kwamba vipandikizi vinavyoweza kutolewa salama katika maisha yote ni elfu chache tu, mara nyingi kati ya 4,000 na 8,000. Kujenga mstari wa mbele peke yake kunaweza kutumia 1,500 hadi 2,500. Kujaza mapanja yote mawili huongeza mamia kadhaa, pengine zaidi ya 1,000.

Sasa tuchukue mfano wa kijana wa miaka 23 ambaye amepoteza mapanja tu. Akitaka mstari wa chini kama wa utotoni, daktari anaweza kumtimizia, naye atafurahi. Lakini upara wake haujamaliza safari. Akifika miaka 40, nywele zake za asili zilizo nyuma ya zile zilizopandwa zitakuwa zimeondoka pia. Zilizopandwa zitabaki pembeni mwa paji kama visiwa viwili, na utosi utakuwa mtupu. Akirudi kwa daktari kuomba pajazwe, kitalu kitakuwa karibu kimekwisha.

Kwa hiyo, kijana aangalie kwanza baba yake, babu zake na wajomba zake. Kama ukoo una vipara vikubwa, ni vema mapanja yaachwe kwa sasa, na akiba itunzwe kwa ajili ya sehemu ya kati ya mbele, ambayo ndiyo inayoupa uso umbo. Daktari mwangalifu mara nyingi humshauri kijana wa umri huo asubiri, na kwanza atumie dawa. Minoksidili ya kupaka na vidonge vya finasteride hupunguza kasi ya upara kwa wanaume wengi, ila huhitaji kutumiwa mfululizo. Finasteride huweza kupunguza hamu ya tendo la ndoa na kuathiri moyo wa furaha, na mama mjamzito hapaswi kushika vidonge vyake vilivyovunjika. Dawa hizo zisianzwe bila daktari.

Lini mapanja yajazwe?

Hatusemi kwamba mapanja yasijazwe kamwe. Mwanaume aliyevuka miaka thelathini na kitu, ambaye upara wake umetulia kwa miaka kadhaa na kisogo chake kina nywele nzito, anaweza kunufaika. Tena wakati mwingine kuyaacha ni kosa: mstari wa mbele ukishushwa chini sana wakati mapanja yako mbali nyuma, nywele huonekana kama kofia iliyowekwa kichwani. Hapo njia ni mbili tu. Ama mapanja yajazwe kidogo yalingane na mbele, ama mstari wa mbele upandwe juu zaidi ulingane na mapanja. Kwa mwenye akiba ndogo, njia ya pili ndiyo ya busara.

Kazi yenyewe nayo ni ngumu. Nywele za panja ni laini, huota mojamoja na hulala karibu na ngozi zikielekea chini na nyuma. Nywele nene zikipandwa hapo zikiwa zimesimama, kila mtu atajua.

Kwa akina mama na mabinti

Kwa wanawake wengi wa kwetu, mapanja hupotea kwa kuvutwa. Twende kilioni iliyobanwa sana, rasta nzito, wigi la kubandikwa kwa gundi, na nywele zilizotiwa dawa kisha zikasukwa, vyote huvuta mizizi ya pembeni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kutoka Cape Town, Afrika Kusini, ulikuta dalili za tatizo hili kwa karibu theluthi moja ya wanawake waliopimwa. Mwanzoni huonekana vipele na maumivu baada ya kusuka. Mvuto ukikoma mapema, nywele hurudi. Ukiendelea kwa miaka, mizizi hufa na kuacha kovu.

Mama wa namna hii anaweza kupandikizwa mapanja, na mara nyingi matokeo ni mazuri, kwa kuwa kisogo chake ni kizima. Sharti ni kwamba aache mtindo uliomwumiza. Asipoacha, hata zilizopandwa zitang'oka. Na kama nyusi nazo zinapungua, amwone daktari wa ngozi kwanza. Upo ugonjwa unaokula mstari wa nywele pamoja na nyusi, na upasuaji ukifanywa ugonjwa ukiwa hai, nywele mpya zinaweza kupotea vilevile.

Kabla ya kukubali

Tunawashauri wasomaji wetu wazingatie mambo haya:

1. Je, wewe au ndugu zako huota makovu yanayotuna? Mwambie daktari. Ngozi nyeusi ina hatari zaidi ya makovu hayo.

2. Je, daktari ana uzoefu wa nywele za kipilipili? Mizizi yake hujikunja chini ya ngozi, na asiyezoea huikata anapoing'oa.

3. Nani atakayeshika kisu? Istanbul, nchini Uturuki, ni mji unaojulikana duniani kwa kazi hii, na wapo mabingwa. Lakini huko na kwingineko zipo kliniki ambazo daktari husalimia tu, na kazi yote hufanywa na wasiosomea udaktari.

4. Je, amekuonyesha kichwa chako kitakavyokuwa ukifika miaka 50, au amekuonyesha picha za mwaka wa kwanza tu?

5. Je, una subira? Nywele zilizopandwa hudondoka katika wiki za mwanzo. Huanza kuota tena baada ya miezi mitatu au minne, na matokeo kamili huchukua mwaka mmoja au zaidi.

6. Je, fedha hiyo ni ya ada ya watoto, au ni ya mkopo? Kipara hakiui mtu, wala hakimzuii kufanya kazi au kuoa. Kinyozi mzuri anaweza kumwondolea mtu fadhaa kwa bei ndogo sana.

Wazazi, mtoto wenu akija na jambo hili msimcheke. Fadhaa yake ni ya kweli. Kaeni naye, mhesabu pamoja naye miaka iliyo mbele, si arusi ya mwezi ujao tu. Wahenga walisema akiba haiozi, na akiba ya kisogoni ni mojawapo. Ikitumika leo kwa mapanja, kesho haitapatikana kwa utosi.