Kiungulia: tuangalie saa ya kula na dawa za mugongo

Kila musimu wa kulima, wamemba wa koperative hapa Kibati wanatuambia juu ya moto unaopanda kutoka tumboni mpaka kwenye koo, pamoja na maji machungu mdomoni. Hiyo ni kiungulia. Wengi wanaweka kosa kwa pilipili. Pilipili inaweza kuongeza moto, ndiyo, lakini kwa mkulima kuko mambo mawili makubwa zaidi: saa ya kula, na dawa za mugongo.

Tumbo linatengeneza asidi kali ya kusaga chakula. Pale njia ya chakula inapoingia tumboni, kuko nyama inayojifunga kama kamba ya mfuko. Ikilegea, ao tumbo likijaa kupita kiasi, asidi inapanda na kuunguza.

Sasa tuangalie siku yetu. Asubuhi mtu anaenda shamba na chai tu. Anainama na jembe mpaka mangaribi. Saa mbili za usiku anakula bugali na maharagi, sahani moja ya siku nzima, na saa tatu amelala. Tumbo limejaa, mwili umelala: asidi haina tena mlima wa kupanda.

Dawa ya kwanza haiuzwi. Kula kitu asubuhi, hata viazi vitamu vilivyobaki jana, na beba kingine cha saa sita. Usiku punguza sahani, na acha masaa matatu yapite mbele ya kulala. Tunajua mama anarudi shamba na bado anatafuta maji na kuni. Chakula kikichelewa, si kosa lake. Wanaobaki nyumbani wawashe moto mapema.

Inua pia kitanda upande wa kichwa, sentimeta 15 mpaka 20. Mawe ya volkano hatukosi: weka mawili yaliyo sawa chini ya miguu ya kitanda. Mito mingi haisaidii vile, sababu inakunja tumbo. Anayelala kwenye mukeka alale ubavu wa kushoto. Kasiksi na sigara vinalegeza ile kamba, zaidi usiku.

Sasa dawa za mugongo. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini zinatuliza maumivu, lakini zinaondoa ulinzi wa ngozi ya ndani ya tumbo. Mtu akizimeza kila siku ya kulima, tena bila kula, anaweza kupata kidonda kinachotoa damu, hata kama hasikii maumivu. Kuongeza kinini ya kiungulia juu yake bila kumuuliza muganga ni kuficha moshi na kuacha moto. Uliza kama parasetamoli inakutosha. Usichanganye mbili za namna ile.

Doksisikilini nayo inaweza kukwama na kuunguza njia ya chakula. Maji ni shida kwetu, na wengi wanameza kinini na tone moja tu. Kwa hiyo, tenga glasi nzima ya maji safi, umeze ukiwa umekaa ao umesimama, na usilale mara moja.

Kinini za kutafuna zinazotuliza asidi zinasaidia haraka lakini kwa muda mfupi, na zinazuia dawa zingine kufanya kazi. Ziache mbali kwa masaa mawili. Maziwa yanatuliza kidogo, kisha moto unarudi. Maji ya majivu tunayakataa kabisa: yanaunguza koo. Mama mwenye mimba anapata kiungulia mara nyingi. Aulize kwenye kliniki mbele ya kumeza chochote.

Ukitapika damu, ukienda choo cheusi kama lami, chakula kikikwama, ao ukikonda bila sababu, enda kituo cha afya siku ileile. Maumivu ya kifua yanayoshuka kwenye mkono ao kupanda kwenye taya, pamoja na jasho na kukosa pumzi, yanaweza kuwa ya moyo. Hapo usingoje asubuhi.