Kiu ya Mtoto Isiyokatika

Mtoto aliyecheza juani tangu asubuhi hana budi kutaka maji, na hapo hapana ajabu. Mwenye homa huona kiu, na anayeharisha vilevile. Lakini iko kiu ya namna nyingine, isiyokatika usiku wala mchana, nayo yataka kuangaliwa upesi.

Mtoto huyo huamka usiku mara kwa mara kuuendea mtungi. Hukojoa mno, na hata yule aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani huanza tena. Hapa ndipo wazazi wengi wanapokosea: humwita kikojozi, humchapa, na jioni humnyima maji. Kumnyima ni kumdhuru, kwa kuwa si maji yaletayo mkojo, bali ni mkojo uletao kiu.

Nyuma ya tumbo iko kongosho, itoayo insulini, ambayo huuwezesha mwili kutumia sukari iliyomo katika damu. Insulini ikikosekana, sukari huzidi damuni, figo huitoa kwa mkojo, nayo huvuta maji mengi. Huo ndio ugonjwa wa kisukari. Wasemao kwamba huwapata watu wazima tu, au watoto wapendao peremende, hawasemi kweli. Mtoto aweza kula vizuri na bado akakonda.

Mzazi aonaye kiu hiyo pamoja na mkojo mwingi, kukonda au uchovu, ampeleke mtoto kwa daktari siku ile ile, na aombe apimwe sukari. Tone moja la damu ya kidoleni latosha. Akitapika, akiumwa tumbo, akipumua kwa kina na kwa haraka, au akisinzia ovyo, asingojewe hata saa moja. Dalili hizo hudhaniwa kuwa malaria, na wako watoto waliofariki wakinyweshwa dawa ya malaria.

Zamani ugonjwa huu haukuwa na tiba. Mwezi wa Januari 1922, mjini Toronto, Kanada, Leonard Thompson, kijana wa miaka 14 aliyekuwa taabani, alidungwa insulini, akaishi miaka 13 zaidi. Siku hizi mtoto adungwaye kila siku husoma na kucheza kama wenzake. Mizizi na maombi havishiki mahali pa sindano hiyo, wala isiachwe siku mtoto anapougua na kukataa chakula. Siku hiyo daktari aulizwe kipimo chake.