Unaweka Paneli Sebuleni? Pesa ya Vifaa Isipitie kwa Fundi

Desemba ikikaribia, wengi hutaka sebule ipendeze kabla jamaa wa Nairobi hawajafika nyumbani Muthetheni. Ukuta wa nyuma ya TV ndio huanza: zile paneli za mistari mistari, rangi ya mbao. Kazi yenyewe ni ya siku moja au mbili. Pesa ndiyo hupotea, tena kabla paneli hata moja haijabandikwa.

Fundi anaangalia ukuta kwa macho tu, kisha anasema, "Nitumie elfu 45, nitanunua kila kitu Machakos." Ukituma, umempa pesa ya vifaa, nauli na kazi kwa mpigo mmoja. Akinyamaza wiki mbili, unatupigia simu urudishiwe. Hapo lazima tuseme wazi: kurudisha muamala kunasaidia pesa ikienda kwa nambari usiyoikusudia. Fundi uliyemtumia kwa hiari yako ni mambo mengine. Hayo ni makubaliano yenu, na sisi hatuwezi kuyaamua.

Kwa hivyo chukua futi, pima mwenyewe. Paneli nyingi za aina hii zina urefu wa mita 2.9 na upana wa sentimita 16 hivi. Ukuta wa mita 4 unahitaji paneli 25 (gawanya 400 kwa 16). Ongeza 2 za kuharibika wakati wa kukata. Tuseme moja ni shilingi 1,200: 27 ni shilingi 32,400. Gundi, skurubu na vipande vya pembeni ni hesabu ya kando. Fundi akikuambia paneli 35, muulize hizo 8 zinaenda wapi.

Kisha angalia unyevu, hasa kwa nyumba ya matofali. Bandika karatasi ya nailoni ukutani, ziba kingo zote kwa selotepu, uiache saa 24. Ukikuta matone upande wa ukuta, usilipe mtu yeyote bado. Paneli za MDF hufura zikipata maji, na hata zile za plastiki huficha ukungu nyuma yake.

Pesa ya vifaa lipa dukani, kwa Till ya duka. Jina litakalotokea kwenye simu lifanane na la duka. Likija jina la mtu usiyemjua, sitisha malipo. Na ukiona paneli za bei ya kutupa mtandaoni, muuzaji anataka deposi ndio azipakie kwenye matatu, mwambie utalipa ukizipokea na kuzihesabu. Akikataa, basi. Maduka ni mengi.

Fundi naye alipwe kwa awamu. Nauli kabla ya kuja (hiyo ni haki yake). Nusu ya pesa ya kazi fremu ikishasimama na paneli za kwanza zikiwa zimenyooka. Salio baada ya kingo kuzibwa na soketi kukatiwa nafasi vizuri, sio zimefunikwa. Mtumie makubaliano haya kwa meseji siku mnayoelewana, akujibu "sawa". Meseji hiyo ihifadhi pamoja na zile za malipo, msifute chochote mpaka kazi iishe.