Banda la Kuku na Hewa Iliyotuama

Katika kaya nyingi za wakulima wadogo nchini Tanzania, kuku ndio akiba iliyo karibu kuliko zote. Mmoja huuzwa ili lipatikane daftari la mtoto, chumvi au dawa. Mwingine huchinjwa afikapo mgeni. Hata hivyo, akiba hiyo aghalabu hulazwa jikoni, au katika kijumba kilichokandikwa udongo pande zote na kuachiwa tundu moja dogo. Mjenzi hukusudia kuwakinga kuku na baridi, kicheche na mwizi. Yafaa kuuliza iwapo kijumba hicho huwakinga kweli.

Mwili wa kuku una joto la nyuzi 41 hivi za sentigredi, nao umefunikwa manyoya. Kuku hana tezi za jasho. Apatapo joto huachama na kuhema upesi, ili maji yanayokauka katika njia yake ya hewa yampoze. Hewa ikijaa mvuke, maji hayo hayakauki upesi, na kuhema hakumsaidii sana. Kwa hiyo, katika sehemu zenye joto, adui wa kuku usiku si baridi bali ni hewa iliyotuama.

Adui wa pili hutoka sakafuni. Kuku hana mkojo wa maji kama ng'ombe. Taka za mwili wake hutoka kama asidi ya yuriki, yaani ule weupe uonekanao katika kinyesi. Sakafu ikiwa mbichi, bakteria huigeuza asidi hiyo kuwa amonia, gesi inayochoma macho na kudhuru njia ya hewa. Anayeinama bandani asubuhi akatokwa machozi amekwisha kupima hewa waliyovuta kuku usiku kucha.

Kanuni za ujenzi zatokana na mambo hayo. Urefu wa banda uelekee mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lipige kuta fupi. Kuta ndefu zizibwe hadi nusu mita hivi, na sehemu ya juu iwe ya wavu au fito zilizoachiwa nafasi ndogo. Hewa ya moto, kwa kuwa ni nyepesi, hupanda na kutoka, na hewa safi huingia mahali pake. Sakafu iinuliwe kuliko ardhi ya nje na kutandazwa pumba za mpunga au maranda, ambayo hubadilishwa yalowapo. Banda la mita 3 kwa 2 lina mita za mraba 6. Kwa kuku 4 katika kila mita ya mraba, hutosha kuku 24.

Lakini hata banda bora lina mpaka wake. Mdondo, uitwao pia kideri, huletwa na virusi, wala wavu hauvizuii. Tena, kuku wakikusanywa pamoja huambukizana kwa urahisi zaidi. Familia iliyotoa jasho kujenga, kisha ikapoteza kundi zima katika kiangazi kimoja, huweza kudhani banda lina mkosi na kulibomoa. Kosa si la banda. Lilikosa mwenzake, yaani chanjo. Chanjo ya I-2, iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, huvumilia joto kuliko chanjo nyingi za ugonjwa huo, ingawa bado yapasa kukingwa na jua. Kuku mzima hutiwa tone moja jichoni, na tendo hilo hurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4. Haimponyi aliyekwisha kuugua.

Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Walimfunga asirudi alikotoka. Sayansi yaongeza kwamba afungwe mbali na wenyeji kwa wiki 2, kwani aweza kubeba virusi kabla ya dalili kuonekana.

Wanafunzi waweza kulipima banda la shule au la nyumbani kwa vipimajoto viwili, kimoja kikiwa kimezungushiwa kitambaa kibichi. Vitundikwe ndani ya banda alfajiri, kisha nje, na vipimo viandikwe. Kadiri namba za vipimajoto hivyo zinavyokaribiana, ndivyo hewa ilivyojaa mvuke. Zikikaribiana zaidi ndani kuliko nje, ukuta wapasa kufunguliwa.