Bora Kerneli Inayopiga Kelele

Kifaa kinachoganda mara mojamoja kinasumbua kuliko kisichowaka kabisa. Kisichowaka unakifungua, unatafuta palipoungua, mnamalizana. Kinachoganda leo, kikatulia wiki mbili, kisha kikaganda tena usiku wa manane, hicho ndicho kinachomharibia fundi jina. Mimi natengeneza visanduku vya kupimia joto kwenye vyumba baridi vya kuhifadhia samaki. Ndani ya kila kisanduku mna bodi ndogo yenye memori ya gigabaiti 1, inayoendeshwa na Linux. Kazi hii imenipa msimamo ambao nitautetea mbele ya fundi yeyote: kwenye meza ya karakana, kerneli ipige kelele kadiri inavyoweza, ikienda kwa mteja, ijilinde kadiri inavyoweza. Wengi hufanya kinyume. Karakana wanataka mashine nyepesi, na kwa mteja wanazima ulinzi ili iwe nyepesi zaidi.

Kerneli ni ile programu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi, inayogawa memori, inayozungumza na diski, na inayoamua programu gani itumie prosesa sasa hivi. Ya Linux ilianzishwa na Linus Torvalds akiwa mwanafunzi Helsinki mwaka 1991, na leo imo ndani ya kila simu ya Android, ikiwemo pengine hiyo uliyoshika. Programu ya kawaida ikigusa memori isiyo yake, kerneli huifunga papo hapo, nawe unaona ujumbe kwamba programu imesimama. Kerneli yenyewe ikikosea, juu yake hakuna wa kuikamata. Tena sehemu kubwa ya kerneli imeandikwa kwa lugha ya C, ambayo humwachia mwandishi aguse anwani yoyote ya memori bila kuulizwa kama ana haki nayo.

Chukulia gesti. Mgeni anapewa chumba, asubuhi anarudisha ufunguo, kumbe alishachonga mwingine na anao mfukoni. Jioni chumba kina mtu mwingine, na yule wa jana anaingia na kufungua begi lisilo lake. Kwenye kerneli, kosa la aina hii ni kutumia memori iliyokwisha kuachiwa. Sehemu moja ya kerneli iliomba memori, ikairudisha, lakini ikabaki na anwani yake. Memori ikapewa sehemu nyingine, labda ile inayoandika faili, na yule wa kwanza akarudi kuandika humohumo. Kitakachoanguka ni mfumo wa faili, ambao hauna kosa lolote.

Kisanduku chetu kimoja kilikuwa na ugonjwa huohuo. Mteja wetu wa pwani alikuwa akipiga simu, "Fundi, kile kidude chako kimekufa tena." Logi za kuanguka hazikufanana hata mbili. Moja ilitaja kodi ya mtandao, nyingine mfumo wa faili, nyingine kazi ya kawaida kabisa ya kugawa memori. Aliyekifunga alilaumu umeme, aliyetuuzia kadi za memori akalaumu joto. Kuanguka kwa sura tofauti kila mara ndiyo dalili ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu maana yake aliyeumia siye aliyeumiza.

Njia ya kumpata aliyeumiza ni kuijenga kerneli upya ikiwa na ukaguzi. Unaingia kwenye folda ya kodi yake, unaandika make menuconfig, na inatokea menyu ya buluu yenye maelfu ya machaguo. Ya ukaguzi yamekaa chini ya Kernel hacking. Kila chaguo lina maelezo, na mengi yanaishia na ushauri kwamba kama huna hakika, jibu N. Kwa mtu wa kawaida ni ushauri mzuri. Kwa fundi anayetafuta kosa, ukiufuata kila mahali utatoka na kerneli iliyo kimya kabisa.

Chaguo la kwanza kuwasha ni CONFIG_KASAN. Liliandikwa na Andrey Ryabinin na likaingia katika toleo la 4.0 mwaka 2015. Linavyofanya kazi ni hivi: kwa kila baiti 8 za memori ya kerneli, inatengwa baiti 1 pembeni inayoeleza hali ya zile 8. Ikiwa sifuri, zote zinaruhusiwa kuguswa. Ikiwa na namba ya 1 hadi 7, zinaruhusiwa za mwanzo kwa idadi hiyo tu. Ikiwa hasi, hakuna ruhusa. Kompaila nayo inapachika swali dogo kabla ya kila kusoma na kila kuandika: je, baiti hii inaruhusiwa? Memori inayoachiwa haigawiwi tena mara moja, inawekwa karantini kwanza, ili anayeirudia kimakosa akamatwe kabla haijapata mwenyewe mpya.

Gharama yake si siri. Sehemu moja ya nane ya memori inaondoka, maana yake kwenye bodi yetu megabaiti 128, na mashine inakuwa nzito waziwazi. Kijana tuliyekuwa naye mezani aliiona ikijikokota kuwaka akaniambia, "Dada, hii huwezi kumpelekea mteja." Ni kweli, na hakuna aliyesema ipelekwe.

Kwa kuwa kule kwenye samaki wafanyakazi huchomoa nyaya wakati wa kupiga deki, tulianza kuchomoa na kuchomeka waya wa USB wa kipima joto. Haikuchukua muda, skrini ikajaa maandishi, juu kabisa BUG: KASAN. Ripoti ya namna hii ina sehemu tatu, na lazima zisomwe zote. Ya kwanza inamtaja aliyegusa memori isivyo halali. Kwetu ilitaja kodi ya taima ya kerneli yenyewe, ambayo inatumika duniani kote na ingekuwa ajabu iwe na kosa la wazi hivyo. Anayesoma mstari wa kwanza tu anaanza kuchimbua taima. Sehemu ya pili, Allocated by task, ilionyesha memori ile iliombwa na draiva ya kipima joto, tuliyoipokea pamoja na kipima chenyewe. Ya tatu, Freed by task, ikamaliza ubishi: memori iliachiwa na draiva hiyohiyo pale waya ulipochomolewa.

Basi mambo yalikuwa hivi. Draiva ilikuwa na taima ya kuamsha kipimo kila baada ya muda. Waya ukichomolewa, draiva inaachia memori yake yote, na taima imo humohumo ndani, bado imetegeshwa. Muda unafika, kerneli inakwenda kuamsha taima iliyoko kwenye memori ya mtu mwingine. Dawa yake kwenye kerneli yetu ya 5.15 ilikuwa mstari mmoja: kuita del_timer_sync kabla ya kuachia memori, ili taima izimwe na, kama tayari inakimbia, isubiriwe imalize.

Si kila mara utakuwa na nafasi ya kukompaili upya. Kerneli nyingi zinazokuja na Linux za kawaida zimejengwa na CONFIG_SLUB_DEBUG, na hapo inatosha kuongeza slub_debug=FZPU kwenye mstari wa kuwashia. Herufi F inakagua hesabu za mgawaji wa memori, Z inaweka kingo pembeni ya kila kipande ili aliyevuka mpaka aonekane, P inajaza memori iliyoachiwa kwa baiti maalumu, na U inaandika nani aliomba na nani aliachia. Baiti hiyo maalumu ni 6b kwa hesabu ya kumi na sita, ambayo kwa herufi ni k ndogo. Ndiyo maana mafundi wa kerneli wakiona ripoti ina safu ndefu ya kkkkkkkk, au anwani iliyosomeka 6b6b6b6b, hawaulizi mengi. Mtu amesoma memori iliyokwisha kuachiwa. Kwa fundi mdogo asiye na mashine kubwa ya kujengea kerneli, naiona hii kuwa zawadi kuliko KASAN yenyewe.

Kuna kmemleak pia, iliyoingia katika toleo la 2.6.31 mwaka 2009, ya kutafuta memori iliyoombwa ikasahauliwa. Yenyewe hupekua kila baada ya dakika 10. Inafaa, ila husingizia wasio na hatia mara kwa mara, kwa hiyo soma ripoti zake kwa subira.

Jambo ambalo karakana nyingi hulipuuza ni CONFIG_DEBUG_INFO. Likiwashwa, faili la vmlinux, yaani kerneli yenyewe iliyokompailiwa, linanenepa sana, na watu huogopa ukubwa huo. Lakini faili hilo halilazimiki kwenda kwa mteja. Libaki ofisini, moja kwa kila toleo ulilowahi kukabidhi. Ripoti ikija kutoka mbali ikiwa na jina la kazi na namba tu, skripti ya faddr2line, iliyomo kwenye kodi ya kerneli, inakuonyesha faili na mstari wenyewe. Bila vmlinux ya kerneli ileile, unabaki kubahatisha.

Kwa mteja sasa. KASAN tunaizima. Badala yake tunawasha KFENCE, kazi ya Alexander Potapenko na Marco Elver wa Google, iliyoingia katika toleo la 5.12 mwaka 2021. KFENCE haikagui kila kitu. Kwa mpangilio wake wa kawaida, kila milisekunde 100 inachukua ombi moja la memori na kuliweka kwenye ukurasa wa peke yake, pembeni kukiwa na kurasa zilizokatazwa kuguswa. Anayevuka au anayerudi baada ya kuachia anakamatwa palepale. Hifadhi yake ni vipande 255, inayokula megabaiti 2 tu. Kifaa kimoja kinaweza kukaa muda mrefu bila kukamata chochote. Ila ukiwa na vifaa vingi vinavyofanya kazi usiku na mchana, kimojawapo kitamkamata mhalifu, na mteja hatahisi uzito wowote.

Halafu yapo machaguo ambayo hayatafuti kosa, yanapunguza madhara yake. CONFIG_STRICT_KERNEL_RWX huzuia kodi ya kerneli isiandikwe upya na data yake isiendeshwe kama kodi. Zamani liliitwa DEBUG_RODATA, likaonekana kama kifaa cha fundi cha kuzimwa kazi ikiisha. Toleo la 4.11 mwaka 2017 likalipa jina la sasa. CONFIG_HARDENED_USERCOPY hukagua mipaka pale data inapohamishwa kati ya programu na kerneli. CONFIG_VMAP_STACK huweka ukurasa uliokatazwa mwishoni mwa staki, ile memori ya muda ya kazi inayoendelea, ili staki ikifurika mashine ilalamike badala ya kuharibu memori ya jirani. CONFIG_RANDOMIZE_BASE hubadilisha mahali kerneli inapokaa kila mashine inapowaka, kumpa mdukuzi kazi ya ziada. Na tangu toleo la 5.3 la mwaka 2019 kuna init_on_alloc, inayofuta memori kwa sifuri kabla ya kuigawa, ili mgawiwa mpya asisome mabaki ya siri za mwingine.

Haya ndiyo watu huyazima ili kupata kasi. Mbaya zaidi ni ule mstari wa mitigations=off, unaozima kwa mpigo kinga zilizoongezwa baada ya udhaifu wa prosesa uliotangazwa Januari 2018, Meltdown na Spectre. Kwenye mashine ya mahesabu iliyofungiwa chumbani peke yake, bila mtandao wala watumiaji wengine, sawa. Kwenye seva inayohifadhi data za watu, hapana, na sijali nani amekupimia kasi.

Nisikudanganye pia kwamba machaguo haya yanatosha. Udhaifu wa Dirty COW uliishi ndani ya Linux kuanzia 2007 hadi 2016, ukimruhusu mtumiaji wa kawaida kuandika kwenye faili asilo na haki nalo, hata kwenye simu za Android. Pale hakuna memori iliyoachiwa wala mpaka uliovukwa. Kazi mbili za kerneli zilipishana kwa wakati mbaya, na ukaguzi wa aina ya KASAN haukuwa na cha kuona. Kilichowaokoa watu ni kuweka toleo lililorekebishwa.

Mwisho ni uamuzi wa kifaa kifanye nini kikigundua kosa. Mimi nawasha panic_on_oops, nikiongeza panic=10, ili kerneli ikijikuta imekosea isimame na kujiwasha upya baada ya sekunde 10, badala ya kuendelea na memori iliyochafuka huku ikiandika joto la uongo. Pamoja nayo naweka ramoops, inayotenga kipande cha memori kinachobaki na ujumbe wa mwisho hata baada ya kujiwasha, mradi umeme haukukatika. Kifaa kikirudi hewani, ripoti inasubiri ndani ya /sys/fs/pstore, na mteja hana haja ya kunisimulia kwenye simu.

Kama una kompyuta ya Ubuntu au Debian, fungua folda ya /boot, tafuta faili linaloanza na config-. Kwenye bodi ndogo, jaribu /proc/config.gz. Tafuta humo majina niliyoyataja ya ulinzi, moja baada ya jingine. Ukikuta mstari unaoanza na alama ya # na kuishia is not set, muulize aliyekujengea kerneli kwa nini. Akikujibu kuwa ni kwa ajili ya kasi, mwambie akuonyeshe vipimo.