Ovadrafti inapofutwa ghafla: hesabu za duka la familia Kilwa

KATIKA maduka ya jumla ya Kilwa Masoko, Aprili ni mwezi wa kufunga mkaja. Fedha za korosho zimekwisha tangu mwanzo wa mwaka. Ufuta bado uko shambani. Kusi imeanza kuvuma na wavuvi wengi wamepandisha vyombo pwani. Wateja wanachukua bidhaa kwa mali kauli, nao wenye maduka wanawalipa wauzaji wao wa Kariakoo kwa fedha za ovadrafti.

Barua ya benki ikifika katika mwezi kama huo, ikieleza kwa mistari michache kwamba ovadrafti imefutwa na deni lote lilipwe katika siku 14, mshtuko hauishii dukani. Katika familia nyingi za mwambao wa Lindi, akaunti ya duka ndiyo hiyo hiyo inayolipa ada za shule, nauli za kwenda hospitali na gharama za arusi. Benki ikifunga mlango mmoja, nyumba nzima inakosa hewa.

Hata hivyo familia nyingi haziangushwi na barua yenyewe. Zinaangushwa na maamuzi ya wiki mbili zinazofuata, yaani kuuza mali kwa pupa, kukopa kwa riba ya kukomoa na kumficha mke au mume jambo ambalo saini yake imo ndani yake.

Fedha ya nani?

Ovadrafti ni ruhusa ya kutoa benki fedha zaidi ya zile zilizomo kwenye akaunti, hadi kiwango kilichokubaliwa. Riba hutozwa kwa kiasi kilichotumika na kwa siku kilichotumika. Ndiyo maana wafanyabiashara wa msimu huipenda, kwa kuwa hulipi riba ya fedha usiyoigusa.

Lakini urahisi huo una bei yake. Tofauti na mkopo wa muda maalumu wenye ratiba ya marejesho, ovadrafti kwa kawaida hudaiwa wakati wowote benki inapoitaka, isipokuwa mkataba useme vingine. Tanzania ilirithi msingi huo pamoja na sheria za kibenki za Kiingereza. Mara nyingi ruhusa hutolewa kwa miezi 12, kisha hupitiwa upya. Mfanyabiashara ambaye ameongezewa muda miaka mitano mfululizo huanza kuiona kama mtaji wake. Benki haijawahi kuiona hivyo.

Kinachoangaliwa zaidi na ofisa mikopo ni mwenendo wa akaunti. Akaunti inayozama wakati wa kununua mzigo na kuibuka baada ya mauzo ni akaunti hai. Ile ambayo mwaka mzima haijapanda hata siku moja kufikia sifuri humwambia kwamba ovadrafti imegeuka mkopo wa kudumu usio na ratiba. Mteja wa namna hiyo huwa wa kwanza kukatwa benki inapoamua kupunguza hatari.

Si kosa la mteja siku zote

Historia inaonyesha kwamba uamuzi wa kukata unaweza kutoka mbali sana na Kilwa. Baada ya mabenki kutaifishwa mwaka 1967, Benki ya Taifa ya Biashara (NBC) ndiyo iliyobeba karibu biashara yote ya mikopo nchini. Ilikopesha mamlaka za mazao na vyama vya ushirika, na madeni mengi hayakurudi. Mwaka 1991 ilitungwa sheria iliyofungua mlango kwa mabenki binafsi, na mwaka huo huo kikaundwa chombo cha kukusanya madeni sugu, LART. Matawi yasiyo na faida yakafungwa.

Mwaka 1997 NBC ikagawanywa. Matawi mengi ya wilayani yalikwenda kwa benki mpya ya NMB, ambayo mwanzoni ilipewa kazi ya kupokea akiba na kufanya malipo, huku uwezo wake wa kukopesha ukiwekewa mipaka. Kwa mfanyabiashara wa mji mdogo maana yake ilikuwa nyepesi kueleweka. Jengo lilikuwa lile lile na kaunta ile ile, lakini mkopo aliouzoea haukuwepo tena.

Mwaka 2018 mambo mawili yalikutana. Mwishoni mwa 2017 mikopo chechefu ilikuwa imezidi asilimia 10 ya mikopo yote ya mabenki, wakati Benki Kuu ililenga isizidi asilimia 5. Mabenki yakawa makali. Kisha ukaja msimu wa korosho. Wakulima wa kusini waligoma kuuza kwa bei ndogo za minadani, na Novemba 2018 Serikali ikatangaza kununua korosho zote kwa Sh. 3,300 kwa kilo, Jeshi likapewa kazi ya kuzisomba. Malipo yalitanguliwa na uhakiki, na wakulima wengi walisubiri kwa miezi. Mwenye duka aliyekopesha saruji, mabati na sukari kwa ahadi ya "nikilipwa korosho" akawa katikati: nyuma yake benki, mbele yake mteja asiye na fedha.

Mei 2024 mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa. Mzigo uliokwama njiani hauuziki, lakini riba ya fedha iliyounulia huendelea kuhesabiwa kila siku.

Duka moja kwa mfano

Chukua mfano wa familia yenye duka la jumla. Ovadrafti yake ni Sh. 20,000,000 na yote imetumika. Dukani kuna mzigo ulionunuliwa kwa Sh. 24,000,000. Wateja wa mali kauli wanadaiwa Sh. 7,000,000. Baada ya gharama zote, duka linabakiza faida ya Sh. 1,200,000 kwa mwezi. Familia ikijikaza inaweza kupata Sh. 5,000,000 ndani ya siku 14, yaani Sh. 3,000,000 kutoka kwa wadaiwa na Sh. 2,000,000 kwa kuuza bidhaa zilizolala muda mrefu. Zinabaki Sh. 15,000,000. Hapo zipo njia tatu.

Njia ya kwanza ni kuuza mzigo kwa hasara. Ukiuza kwa asilimia 20 chini ya bei ya kununulia, utahitaji kutoa mzigo wenye thamani ya Sh. 18,750,000 ili upate Sh. 15,000,000. Hasara ni Sh. 3,750,000 papo hapo, na rafu zinabaki tupu. Duka tupu halina faida ya mwezi ujao.

Njia ya pili ni wakopeshaji wa mitaani, wale waliopewa jina la "kausha damu". Kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, Sh. 15,000,000 zitazaa riba ya Sh. 3,000,000 kila mwezi kabla ya kugusa deni lenyewe. Hiyo ni zaidi ya mara mbili ya faida ya duka. Programu za simu nazo si kimbilio. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya majukwaa 69 ya kukopesha mtandaoni yaliyokuwa yakifanya kazi bila kibali.

Njia ya tatu ni kuiomba benki igeuze ovadrafti kuwa mkopo wa muda maalumu. Kwa riba ya asilimia 15 kwa mwaka, ambayo ndiyo wastani uliozunguka katika mabenki nchini mwaka 2024, Sh. 15,000,000 zikilipwa kwa miezi 12 zinadai rejesho la karibu Sh. 1,354,000 kwa mwezi. Duka haliwezi. Zikilipwa kwa miezi 24, rejesho linashuka hadi karibu Sh. 727,000, na riba yote ya miaka miwili haizidi Sh. 2,500,000. Hapo duka linapumua na mzigo unabaki rafuni.

Njia ya tatu ndiyo nafuu, na ndiyo ambayo familia nyingi hazikumbuki kuiomba. Benki nayo ina sababu ya kuikubali, kwani mkopo unaolipika una thamani kwake kuliko kesi ya dhamana inayokokotwa mahakamani.

Siku 14 za kwanza

Jambo la kwanza ni kusoma mkataba kabla ya kwenda tawini. Angalia tarehe ya mwisho ya ruhusa, kifungu cha notisi na dhamana iliyoandikwa. Kama muda wa ruhusa haujaisha na mkataba unataka notisi ya siku 30, barua ya siku 14 ina kasoro, na mteja anayo sauti.

La pili, orodhesha hundi na malipo yaliyokwisha kutolewa kabla ya barua kupokewa. Benki inatarajiwa kuyaheshimu kama yalikuwa ndani ya kiwango kilichokubaliwa. Waarifu wauzaji wa Kariakoo mapema. Muuzaji anayepigiwa simu hutoa muda, lakini anayerudishiwa hundi hufunga milango na kuwaambia wenzake.

La tatu, kumbuka kwamba benki inaweza kuunganisha akaunti za mteja huyo huyo zilizomo kwake na kukata deni. Fedha za ada zikiwa kwenye akaunti ya akiba ya benki hiyo hiyo, kwa jina hilo hilo, haziko salama sana kama mzazi anavyodhani.

La nne, nenda kwa meneja na karatasi, usiende na machozi tu. Peleka mauzo ya miezi 12, orodha ya wadaiwa, thamani ya mzigo na pendekezo la marejesho. Lipa kiasi siku hiyo hiyo, hata kama ni kidogo. Omba ratiba inayofuata msimu wa mwambao: rejesho dogo kuanzia Machi hadi Mei, kubwa baada ya minada ya ufuta, kubwa tena fedha za korosho zinapoingia mwishoni mwa mwaka. Makubaliano yote yaandikwe. Ahadi ya mdomo ya meneja huondoka naye siku anapohamishwa.

Benki ikikataa hata kusikiliza, Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinampa mteja haki ya kulalamika kwa maandishi kwenye benki yake, na asiporidhika kulifikisha lalamiko Benki Kuu. Kunyamaza ndiko kubaya zaidi. Deni lililolala huingia katika kumbukumbu za taarifa za wakopaji, na benki ya pili utakayoiendea itaziona.

Nyumba haiuzwi kwa siku moja

Hofu kubwa ni nyumba iliyowekwa rehani. Hapa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, pamoja na marekebisho yake, inatoa ngazi za kupita. Mkopeshaji hutakiwa kutoa notisi ya maandishi ya kushindwa kulipa na kumpa mkopaji siku 60. Muda huo ukipita, anayetaka kuuza hutakiwa kutoa notisi nyingine ya siku 14. Muuzaji ana wajibu wa kutafuta bei nzuri inayopatikana, na nyumba ikiuzwa kwa asilimia 25 au zaidi chini ya bei ya wastani ya soko, sheria inachukulia kwamba wajibu huo umevunjwa hadi ithibitishwe vinginevyo.

Zaidi ya hayo, nyumba ya familia haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi wa ndoa. Ndiyo maana barua ya benki isifichwe chini ya godoro. Mama aliyetia saini ana haki ya kujua siku ile ile, na mara nyingi ndiye mwenye njia ambayo baba haijui: hisa za kikoba, zamu ya upatu, au akiba ya SACCOS inayoweza kukopeshwa kwa riba ya kibinadamu. Mjomba aliyejidhamini naye aambiwe na familia, asiambiwe na dalali.

Siku hizo 74 hazifuti deni. Zinaipa familia nafasi, kama inayo mpango, ya kuchagua yenyewe cha kuuza. Kiwanja kisichojengwa au pikipiki ya pili vinaweza kuondoka kwa bei ya soko kabla mnada haujafika kwenye nyumba.

Kabla ya msimu ujao

Kwa wale ambao barua haijawafikia, kazi ni ya sasa. Akaunti ya duka itenganishwe na ya nyumbani. Fedha za ufuta na korosho zikiingia, ovadrafti ishushwe hadi sifuri na ikae hapo angalau mwezi mmoja, ili benki ione na familia nayo ijue kama duka linasimama kwa miguu yake. Vitu vya kudumu, kama gari, friji la samaki au nyongeza ya jengo, visinunuliwe kwa ovadrafti, kwa kuwa vinahitaji mkopo wenye ratiba. Mali kauli iwe na kikomo kwa kila mteja, na kikomo hicho kipungue msimu unapokuwa na mashaka.

Ovadrafti ni kama maji ya bamvua kwenye pwani ya Masoko, yanayofika juu na kukirahisishia chombo kuingia. Nahodha mzoefu huyatumia kuingia na kutoka. Asiyejua huegesha chombo juu kabisa ya ufuko, kisha maji yakirudi hulaumu bahari.